UCHAMBUZI: Matangazo ya vileo yanaficha sura ya pili ya pombe

SERA ya kitaifa ya kudhibiti pombe na mihadarati iliyozinduliwa Julai 2025 ilizua mjadala kwa kupendekeza umri wa kunywa pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Pendekezo la kuwazuia watu mashuhuri kutangaza vileo nalo lina uzito, kwani linahusu jinsi pombe inavyoonyeshwa kwa umma.

Wasanii walilitafakari suala hili zamani. Wagiriki wa kale walimwabudu Dionysus, mungu wa mvinyo, ambaye Warumi walimwita Bacchus. Mnamo 1496 na 1497, Michelangelo alimchonga akiwa ameinua kikombe, macho yamelegea, miguu haina uthabiti. Mhispania Velázquez naye, karibu mwaka wa 1629, alimchora akiwa ameketi miongoni mwa wakulima maskini waliochomwa na jua. Kicheko chao kinaonekana, na ufukara wao haukufichwa.

Wakazi wa Kakamega wanaijua picha inayokaribia hiyo: wazee wameuzunguka mtungi wa busaa, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mihuri ya Iraq ya kale, yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, inaonyesha watu wakinywa vivyo hivyo. Busaa hutokana na unga wa mahindi uliochachushwa, ukakaangwa, kisha ukatiwa kimea cha wimbi. Kijadi, desturi ndiyo iliyoamua nani aketi mtungini, lini na kwa sababu gani.

Chang'aa haikuwekewa mipaka kama hiyo. Sheria ya 2010 iliihalalisha kwa masharti ya leseni, lakini pombe haramu haikutoweka. Februari 2024, zaidi ya watu kumi walifariki Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tangazo la mtu mashuhuri ni sifa tupu: linaonyesha kicheko na kuficha kilio. Kwa hivyo pendekezo hilo lafaa kuungwa mkono, mradi lisigeuzwe kuwa vita dhidi ya utamaduni.

Katiba ilizipa kaunti mamlaka ya kutoa leseni za pombe. Bunge la Kaunti ya Kakamega linaweza kutenganisha mtungi wa hafla na biashara ya kificho, na kudai usafi na vipimo. Bila hivyo, misako itaendelea kumwaga busaa na sumu katika mtaro mmoja, na vijana wataendelea kuzikwa.