Uzio wa Mwanza Hauangushwi na Jua

Kiangazi kikiingia Mwanza, kuanzia Juni hivi hadi Septemba, fensi za zamani huanza kung'olewa. Buhongwa, Nyegezi, Kishiri, Kisesa, Igombe: kila mtaa utakuta lori linamwaga mchanga na tofali zimepangwa nje ya geti. Wengine wanaondoa minyaa iliyopandwa na wazazi wao, wengine nguzo za mikaratusi zilizoliwa na mchwa, wengine mabati chakavu, na karibu wote wanaweka ukuta wa bloku. Mwenye nyumba ana haki ya kujizungushia. Kinachonisumbua ni maneno yanayoiongoza kazi hii, yanayorudiwa na mafundi, wauza vifaa na majirani mpaka yanaonekana kama sheria, ilhali mengi si kweli. Nayajibu hapa moja moja, kwa sababu siku ukuta utakapoanguka, atakayekuwa chini yake anaweza kuwa mtoto wa watu anayetoka kuchota maji, na fundi atakuwa keshalipwa siku nyingi.

Neno la kwanza ni kwamba Mwanza ni jua na upepo tu, kwa hiyo tujenge kama wanavyojenga ndugu zetu walioko Muscat na Dubai: ukuta mzima, mrefu, usio na tundu hata moja. Picha za nyumba hizo hutufikia kwenye simu kila siku, na zinapendeza kweli. Ila Muscat hupata mvua ya takriban milimita 100 kwa mwaka. Mwanza hupata milimita 1,000 na zaidi, na nyingi huletwa na dhoruba zinazotoka ziwani usiku na alfajiri. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kabisa duniani. Hata huko Muscat, Kimbunga Gonu kilipopiga Juni 2007, sehemu kubwa ya maafa ilitokana na mafuriko yaliyoshuka kutoka milimani.

Sasa weka mvua hiyo yetu juu ya mji uliojengwa kwenye vilima vya itale. Bugando, Isamilo, Mabatini, Igogo: maji hayana pa kuzama. Yanateleza juu ya mwamba, yanaingia vichochoroni, yanatafuta Mto Mirongo na ziwa. Ukijenga ukuta mzima kukata mteremko huo umejenga bwawa, na bwawa hujengwa na wahandisi kwa hesabu nyingine kabisa. Maji yakisimama kimo cha mita moja nyuma ya ukuta, huusukuma kwa nguvu ya karibu nusu tani kwa kila mita ya urefu wake. Ukuta wa tofali moja moja haukuandaliwa kwa mzigo huo.

Ukitaka kuona anguko linavyoanza, tafuta ukuta ulioinama kidogo. Mitaa ya mlimani haikosi. Upande wa juu utakuta udongo umejaa hadi tofali la tatu au la nne, umeletwa na mvua za miaka kadhaa. Upande wa chini kuna ufa uliolala, mwembamba, unaofuata maungio ya tofali karibu na ardhi, na lipu imefanya madoa ya unyevu. Kama fundi aliacha matundu ya kutolea maji, mara nyingi yamezibwa: tope, mifuko, au tofali lililochomekwa na mwenyewe ili nyoka wasiingie. Huo ufa uliolala ndio wa kuogopa. Nyufa za kusimama mara nyingi huharibu sura tu. Ufa uliolala unasema ukuta umeshaanza kwenda. Dawa yake ni rahisi na inafaa ifanywe tangu mwanzo: bomba la inchi tatu au nne chini kabisa ya ukuta, kila baada ya mita mbili hivi, na nyuma yake kokoto za kuchuja ili udongo usizibe. Kwa nyoka, weka wavu wa chuma mdomoni mwa bomba.

Wanasema pia kwamba ukuta mzima ndio kinga bora ya upepo. Hapa hesabu inasaidia. Chukua ukuta wa tofali za inchi sita, kimo cha mita mbili, usio na nguzo. Kila mita moja ya urefu wake ina uzito wa kilo 600 hivi, na mtu akiugonga kwa kiganja anaona hauendi popote. Dhoruba yenye upepo wa kilomita 72 kwa saa ikiupiga, inausukuma kwa nguvu ya kilo 60 hivi kwenye mita hiyohiyo. Zinaonekana ndogo, lakini zinasukuma kuanzia katikati ya kimo, mita moja kutoka chini, ilhali uzito wa ukuta unajitetea kwa nusu tu ya unene wake, yaani sentimita saba na nusu. Zidisha: upepo una 60, ukuta una 45. Uzito peke yake hautoshi. Kinachoubakiza umesimama ni saruji iliyo kwenye maungio, na kila mjenzi wa Mwanza anajua jinsi mfuko mmoja wa saruji unavyolazimishwa kushika mchanga mwingi kupita kiasi. Upepo ukiongezeka mara mbili mwendo, nguvu yake inaongezeka mara nne.

Tena ukuta mzima hauuzimi upepo. Unaurusha juu, nao unaanguka upande wa pili ukiwa na vurugu, unainua vumbi la uani na kufunua pembe za bati. Uzio wenye uwazi, nusu kitu na nusu hewa, hupunguza mwendo wa upepo taratibu, na utulivu wake hufika mbali, hadi mara kumi ya kimo chake. Ndiyo maana nashauri ukuta wa mita moja au pungufu, kisha juu yake tofali za matundu, nondo au wavu, na nguzo za zege zenye nondo zilizofungwa hadi kwenye msingi kila baada ya mita tatu. Atakayekwambia huo si uzio wa heshima, mwonyeshe hesabu.

Kuna na lile la fundi anayekanyaga jabali kwa kisigino na kusema Mungu ameshakuwekea msingi. Mwamba hautitii, ni kweli. Lakini uso wake umelala kwa mteremko na ni laini. Saruji iliyomwagwa juu yake bila kuchimbiwa chochote inakaa kama sahani juu ya meza iliyoinama, na maji yanapita katikati. Mwamba unatakiwa uchongwe ngazi, au utobolewe na kupigiliwa vipande vya nondo vitakavyoshika zege. Hatari zaidi ni pale ukuta mmoja unapoanzia kwenye jabali na kuishia kwenye udongo, jambo la kawaida kabisa kwenye viwanja vyetu. Udongo utashuka, mwamba hautashuka, na ukuta utapasuka palepale vinapokutana. Hapo acha nafasi ya makusudi, uwe ukuta wa vipande viwili visivyoshikana, kila kimoja na nguzo yake.

Linalonikera zaidi, kwa sababu linatoka kwa watu wanaojua kazi, ni kwamba jua kali na upepo wa kiangazi ni baraka kwa mjenzi: zege linakauka upesi. Zege halipati nguvu kwa kukauka. Saruji inakamatana na maji, na maji yakinyonywa na upepo kabla kazi hiyo haijaisha, inabaki mchanga uliogandana. Unaweza kuipima kwa msumari: kwaruza bloku iliyofyatuliwa wiki iliyopita na kuanikwa juani bila kumwagiliwa, kisha kwaruza iliyofunikwa na kunyweshwa asubuhi na jioni. Ya kwanza inatoa unga. Bloku, bimu na lipu vyote vinataka maji siku saba kwa uchache, na nguvu ambayo wahandisi hupimia ni ya siku 28. Kiangazi ni wakati mzuri wa kuchimba msingi, maana mtaro haujai maji. Lakini ndani ya bei ya fundi weka na bei ya mtu wa kumwagilia, na magunia ya kufunikia. Ukiwa na simtanki tupu, subiri maji kwanza.

Kwa wanaobaki na nguzo za miti, husemwa kwamba nguzo ikizamishwa kwenye zege haiozi, na ikipakwa oili chafu mchwa hawaigusi. Ng'oa nguzo ya zamani uione. Juu ni nzima, unaweza kuipasulia kuni. Ndani ya udongo kabisa nako mara nyingi bado kuna ugumu. Palipooza ni pale inapotokea ardhini, vidole vinne juu na vidole vinne chini, penye maji na hewa kwa pamoja. Mti umesinyaa ndani ya zege ukaacha mwanya, mvua ikajaa humo, na nguzo ikakaa kwenye kikombe cha maji. Kuhusu oili, inakaa kwenye ngozi ya mti tu. Mchwa wanapanda kwa njia zao za udongo hadi penye ufa, wanaingia ndani, na nguzo inabaki ganda lililopakwa weusi. Mvua nayo inaiosha oili kuelekea ziwani, ambako ndiko bomba za jiji hili zinakovuta maji ya kunywa. Nunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani kama zile za umeme, weka kokoto chini ya shina ili maji yashuke, na zege la juu liwe na mwinamo wa kumwaga maji nje.

Husikika pia, hasa kwa wageni waliohamia kutoka Dar es Salaam, kwamba hewa ya ziwa inakula chuma kama ya bahari. Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi. Seng'enge na wavu uliopakwa zinki hudumu zaidi hapa kuliko Kigamboni. Paka rangi penye maungio ya kuchomelea na usifukie wavu kwenye udongo, basi.

Nakuja kwenye minyaa, na hapa nina uchungu. Inaitwa ya kishamba, inaitwa sumu, inang'olewa kwa trekta asubuhi moja baada ya kukua miaka thelathini. Utomvu wake ni mkali, hilo halina ubishi: ukiingia jichoni unaweza kumpofusha mtu kwa muda, na aliyepatwa aoshwe kwa maji mengi na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kwa hiyo anayepogoa avae miwani na mikono mirefu, na watoto wafundishwe. Lakini tabia za mmea huu ndizo zilizowafanya Wasukuma wauzungushie kaya zao. Ng'ombe na mbuzi hawauli. Mchwa hawauangushi. Unachomeka kijiti kilichoachwa siku chache utomvu ukauke, nacho kinashika bila kunyweshwa, hata kwenye changarawe. Upepo unapita ndani yake na kutoka umepoa, maji ya mvua yanapita chini yake na kuacha udongo, na ukipata pengo unachomeka kijiti kingine. Mtu anayeona aibu ya maarifa haya akumbuke kwamba mradi wa HASHI, ulioanza mkoani Shinyanga mwaka 1986 kurudisha miti kwenye ardhi iliyochakaa, uliegemea ngitili, utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa kutenga malisho. Ukihitaji usalama zaidi, pitisha seng'enge nyuzi nne au tano katikati ya minyaa ileile. Baada ya misimu michache hazionekani, na mwizi hazioni pia.

Mwisho ni mipaka. Wengi huamini mpaka upo palepale fensi ya zamani ilipo. Ua wa miti hunenepa. Minyaa ya miaka ishirini inaweza kuwa na upana wa mita mbili, na anayejenga kwenye ukingo wake wa nje ameshakula ardhi ya jirani. Mpaka wa kiwanja kilichopimwa ni bikoni, na mpimaji wa halmashauri ndiye wa kuionyesha kabla ya mtaro kuchimbwa, mwenyekiti wa mtaa na jirani wakiwapo. Wapo wanaojitetea kwa miaka 12. Huo ni muda ambao sheria ya ukomo inampa mtu kudai ardhi yake mahakamani, na aliyekaa hapo kwa ruhusa au uvumilivu wa jirani hawezi kuutumia kumnyang'anya.

Na walioko Luchelele, Igombe au Kayenze, ambao viwanja vyao vinaangalia maji, wasidanganywe kwamba uzio unaweza kushuka hadi ufukweni. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ziwa lenyewe limeonyesha sababu: baada ya mvua kubwa za 1961 lilipanda zaidi ya mita mbili hadi 1964, na Mei 2020 likapita rekodi hiyo.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Kama tofali zako zimeshafika, zimwagilie kuanzia leo, mwite jirani na mpimaji kabla ya fundi, na mwambie fundi wazi kwamba hutampa malipo ya mwisho mpaka uone bomba za maji chini ya ukuta. Na kama ulichonacho ni minyaa iliyo hai, isiyo na ugomvi wa mpaka, tafadhali usiing'oe.