Kalenda ya Safari Yako Imwonyeshe Mwenzio Njia

Mwaka ukikaribia kwisha, maduka ya mjini huwagawia wateja wao kalenda. Baba huikunja akaitia kwapani, akifika nyumbani akaitundika ukutani, na kwa miezi kumi na miwili wanawe hutazama milima yenye theluji ya nchi wasizozijua. Sisemi ni vibaya. Cha bure hakikataliwi. Lakini iko kalenda nyingine iliyo bora, nayo ni ile mtu anayoitengeneza mwenyewe kwa picha alizozipiga safarini, kisha akawatunukia jamaa na majirani.

Nimefanya hivyo kwa miaka minne sasa. Huchagua picha 12, nikazipeleka kwa mpiga chapa wa mtaani, nikapanga tarehe chini yake, nikatoboa matundu mawili na kupitisha uzi wa katani. Tarehe nazitia za aina mbili, za miladi na za hijria, maadamu kwetu pwani mtu hutaka kujua Mfunguo Sita utaangukia lini ili ajiandae kwa Maulidi, na mwaka wa hijria hupungua kwa siku 11 hivi. Picha nazo hufuata pepo: Januari majahazi katika kaskazi, Julai bahari iliyochafuka kwa kusi.

Kalenda yangu ya kwanza, niseme kweli, iliniaibisha. Hapakuwa na picha nisiyokuwamo mimi, nimesimama kifua mbele kama gavana. Mzee mwenzangu wa barazani aliifunua mwezi baada ya mwezi, kisha akaniuliza: "Bwana we, hii ni kalenda ya mwaka ama ni kalenda yako?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini neno lile lilinichoma kwa kuwa lilikuwa la haki. Mwenye kuitazama aliambiwa "mimi nimefika", hakuambiwa "nawe waweza kufika."

Tangu siku hiyo nimejitoa pichani. Chini ya kila picha huandika mambo mawili tu: mahali hapo panaitwaje, na mtu wa kawaida hufikaje.

Mwaka jana nakala moja nilimpelekea dada yangu mkubwa, Mji wa Kale, Mombasa. Amezaliwa na kukulia jirani na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, lakini Gede hakuwa amefika umri wake wote. Picha ya Aprili ilikuwa ya Gede: kuta za matumbawe, na mizizi ya miti imezikumbatia. Chini yake niliandika: "Panda gari la Malindi, shuka Gede, uliza magofu." Shule zilikuwa zimefungwa, na wajukuu hawakumpa raha mpaka wakaenda. Jioni akanipigia simu: "Ndugu yangu, kumbe watu wale walikuwa na vyoo ndani ya nyumba zao! Na mimi miaka yote hii nadhani Gede ni msitu tu."

Mji ule ulihamwa katika karne ya 17. Mwaka 2024 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia, na magazeti yaliandika. Hata hivyo orodha ile haikumtoa dada yangu nyumbani. Karatasi ya ukutani ndiyo iliyomtoa.

Yuko atakayesema kwamba siku hizi kila kijana ana picha maelfu katika simu yake. Ni kweli, lakini picha ya simu hupita kama mpita njia. Ya ukutani hukaa siku 30, akaiona bibi, akaiona mgeni, akaiona na mtoto anayekula uji wake asubuhi.

Jambo hili si la mapambo. Asiyepajua mahali hawezi kupaonea uchungu. Gofu likibomolewa, mawe yake yakajengewa ukuta wa mtu, yeye atapita tu kama kwamba hapakuwa na kitu. Tukiwaacha watoto wetu wawe wageni kwao, tusishangae kesho wakikosa cha kutetea.

Nina sharti moja tu la adabu: usimpige mtu picha bila ya idhini yake. Kule Siyu nilimwomba ruhusa mama mmoja aliyekuwa akisuka ukili, na kalenda ilipotoka, nakala ya kwanza ilikuwa yake.

Basi ndugu msomaji, mwaka ukielekea ukingoni, fungua hazina ya picha zako. Wa Kisumu atuonyeshe ziwa. Wa Migori atuonyeshe Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe zilizosimama bila ya chokaa, ambazo mimi sijaziona hadi leo. Niletee kalenda yako niitundike sebuleni, lakini tafadhali uniandikie chini yake nishukie wapi.