Matembezi si Anasa ya Wageni

Shule zifungwapo mwezi wa Agosti au Desemba, msomaji, waulize wenzako kumi walivyozitumia siku zao za mapumziko. Mmoja atakuambia kuwa alilala. Wa pili alitazama televisheni. Wa tatu alizunguka madukani. Ukimpata mmoja aliyefuatana na wazazi na ndugu zake kwenda msituni au ziwani kutazama ndege, wengine watamcheka na kusema kuwa anaiga Wazungu. Neno hili limezoewa hata likaonekana kuwa kweli. Nami nataka kulipinga, kwa sababu naliona kuwa miongoni mwa maneno yanayotudhuru sana.

Wasemao hivyo wana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba kutembea ili kutazama maumbile ni desturi ya wageni. La hasha! Wazee wetu walijua mti upi hutuliza tumbo, upi huchongwa mpini, na upi haukatwi kwa heshima. Misitu ya kaya za Wamijikenda huko pwani ililindwa kwa miiko ya wenyewe muda mrefu kabla ya UNESCO kuiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mtoto alijifunza majina ya ndege na nyasi kwa kumfuata mjomba wake malishoni, na majina ya samaki kwa kumfuata baba yake pwani. Basi ni nani aliyeiacha desturi ya kwao? Si yule aendaye msituni na jamaa zake, bali ni yule akaaye ndani mchana kutwa, asijue hata jina la mti uliosimama mlangoni pake.

Hoja ya pili ni kwamba matembezi hupoteza wakati. Wahenga wamekwisha kulijibu hilo waliposema: mkaa bure si sawa na mtembea bure. Lakini nisitosheke na methali, natoa ushahidi. Upo msitu uitwao Karura, kaskazini ya mji wa Nairobi, wenye ukubwa wa yapata hekta 1,000. Mwaka 1998 watu walipata habari kuwa sehemu za msitu huo zimegawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake wakaenda na miche mikononi kupanda miti palipokatwa. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa langoni kwa marungu na mijeledi, na yeye mwenyewe akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana. Habari na picha za mkasa ule zikaenea duniani. Na mwaka uo huo serikali ikatangaza kuuzuia ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 mama huyo alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani.

Leo msitu ungalipo. Baba na mama hutembea humo na watoto wao chini ya mihugu na mizeituni ya mwitu. Mto hupita, maporomoko ya maji huvuma, na kima hurukaruka juu ya matawi. Sasa nakuuliza: je, mambo yangalikuwaje kama mwaka 1998 pasingalikuwa na mtu aliyeujua na kuupenda msitu ule? Mnyang'anyi wa ardhi hapendi kuiba mbele ya macho ya watu. Hupenda mahali pasipotembelewa, ambapo shoka likilia hakuna wa kulisikia. Kila jamaa waingiao msituni siku ya Jumapili ni walinzi wa msitu huo, ingawa hawakuvaa sare. Huo ndio wakati unaosemwa kuwa umepotea!

Hoja ya tatu ni ya fedha, nayo siidharau. Ni kweli kwamba mbuga nyingine zina viingilio vinavyomshinda mtu wa kipato kidogo, na ni haki yetu kudai kwamba mwananchi asifungiwe nje ya nchi yake mwenyewe. Hata hivyo, si kila uzuri una lango na karani. Ufuo wa umma wa Bamburi, Mombasa, hujaa jamaa nyakati za Idi na Krismasi. Kilima kilicho nyuma ya kijiji hakidai shilingi. Chukueni viazi vilivyochemshwa na chupa ya chai, mwondoke asubuhi mapema, na nyanya akiweza kutembea msimwache nyumbani, maana yeye ndiye atakayewaambia mti huu huitwaje.

Limebaki neno moja, nalo ni la picha. Siku hizi simu ni kamera, na kijana huweza kupiga picha mia kabla ya chai kupoa. Mimi siichukii picha. Picha za Karura zilisaidia kuwatahayarisha wanyang'anyi, na picha ya nyanya chini ya mti aupendao ni hazina kwa wajukuu watakaozaliwa. Nichukialo ni kamera kuwa bwana na jicho kuwa mtumwa. Tazama jinsi ilivyo: ajipigaye picha mbele ya maporomoko sharti kwanza ayape mgongo maporomoko. Yuko mwingine amtupiaye kima biskuti ili amsogelee apate picha nzuri. Kesho kima huyo huwa mwizi, na kesho kutwa hupigwa mawe kwa wizi aliofundishwa. Yuko na mwingine afunuaye majani ili apate picha ya makinda, na ndege mama hukimbia akakiacha kiota chake. Picha zipatikanazo hivyo ni ushahidi wa madhara, wala si ukumbusho wa furaha.

Kwa hiyo, msomaji, likizo ijapo usingoje kualikwa. Waombe wazazi wako siku moja tu. Mfikapo, mwiache simu mfukoni mpaka kila mmoja wenu ameweza kuutaja mti mmoja, ndege mmoja na sauti moja aliyoisikia. Kisha itoeni, mpige picha chache: ya nyanya, ya mto, na ya takataka mlizozikuta, ili mpate kuwaonyesha wahusika. Wakikucheka wenzako, waache wacheke. Siku shoka litakapoingia katika msitu wa kwenu, hawatakuwa na la kusema, maana hawakuujua. Wewe utakuwa nalo.