Simu Isiyo na Namba



Mwezi uliopita alikuja ofisini kwetu mama mmoja mzee, akaketi, akaniomba nimwandikie barua. Nikachukua karatasi. Akasema, "Andika hivi: Mwanangu, kama nilikukosea kwa maneno yale ya shamba, nisamehe. Usininyamazie." Kisha akanyamaza yeye mwenyewe, akawa anafuta macho kwa pindo la kanga.

Binti yake ni muuguzi, anakaa Marekani katika jimbo la Massachusetts. Siku zote alikuwa akimpigia mama yake simu kila Jumamosi. Mwaka huu wakagombana juu ya shamba la marehemu baba, na baada ya Pasaka simu zikakoma. Basi mama akajua moyoni kwamba sababu ni hiyo.

Mimi nina desturi ya kuuliza kwanza kabla sijaandika. Nikamwomba simu yake, kitochi cha vibonye, nikatazama orodha ya simu ambazo hazikupokewa. Loo! Kila Jumamosi saa kumi na moja alfajiri ipo moja, na pengine tatu, wala hapana namba hata moja, ila maneno ya kwamba namba imefichwa.

"Na hizi je, mama?"

"Hao ni matapeli," akajibu. "Mwaka jana mmoja alinipigia hivyo hivyo, akasema mjukuu wangu amelazwa, nitume pesa upesi. Tangu hapo kijana wangu amenikataza kupokea simu isiyo na namba."

Saa kumi na moja alfajiri ya kwetu, majira haya, ni saa nne ya usiku huko Massachusetts. Barua hatukuiandika. Nilimpelekea binti ujumbe kwa WhatsApp, na jibu likaja siku ile ile: "Mimi nami nilidhani mama amenikasirikia, ndiyo maana hapokei." Watu wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake alainike, wala hapana aliyetaka kuwa wa kwanza kuwauliza ndugu.

Kwa kuwa wengi wenu mna watoto huko ng'ambo, yafaa niwaeleze jambo hili lilivyotokea.

Nyumbani kwa binti yule ipo simu ya mezani, lakini haina waya wa simu wa zamani. Imeunganishwa na kisanduku kidogo ambacho waweza kukifunika kwa kiganja. Tundu moja huingia waya wa simu, na tundu la pili waya utokao kwenye chombo cha intaneti. Kisanduku hugeuza sauti kuwa vipande vidogo vidogo, huvituma kwa njia ya intaneti, na kampuni ya simu huvipokea na kuvipeleka kwenye simu ya kawaida, hata kitochi cha mama huku kijijini. Binti alikinunua kwa sababu kupiga ng'ambo kwa njia hiyo kulimpunguzia gharama.

Sasa, kabla sauti haijapita, kisanduku hutanguliza ujumbe mfupi, mfano wa bahasha ya barua. Juu yake pameandikwa nani anapiga na namba yake. Kuficha namba ni kukiagiza kisanduku kiandike "asiyejulikana" mahali pa jina, na kuiambia kampuni: wewe unanijua, lakini usimwonyeshe anayepokea. Utaratibu huo wa simu za intaneti uliandikwa mwaka 2002. Basi asidhani mtu kwamba amejificha kabisa. Kampuni bado inayo namba yake.

Tena si kosa kuificha. Binti yule huwahudumia wazee majumbani mwao, na jioni huwapigia jamaa zao kuwapa habari. Hakutaka kila jamaa awe na namba ya nyumbani kwake, akaja kuamshwa usiku wa manane. Nami simlaumu. Rafiki yake akamwambia, "Bonyeza nyota, sita, saba, ndipo upige." Akabonyeza, na kweli namba haikuonekana.

Mtego uko hapo. Katika simu za kawaida za Marekani na Kanada, *67 huficha simu ile moja tu. Ukikata, mambo yamerudi yalivyokuwa. Lakini katika visanduku, amri hizi hutiwa na mtengenezaji, wala havifuati vyote desturi moja. Katika visanduku vya Grandstream aina ya HT801 na HT802, *67 huficha simu moja, *30 huficha zote zitakazofuata, na *31 huzifunua tena. Viko na visanduku ambavyo *67 ni kufunga moja kwa moja, mpaka ubonyeze *68. Cha rafiki kilikuwa cha namna ya kwanza, na cha binti cha namna hii ya pili. Alifunga siku moja kwa ajili ya wagonjwa, akawa amemfungia na mama yake, naye hana habari, maana anayepiga haoni kinachotokea kwenye kioo cha anayepigiwa.

Kwa hiyo mwandikieni mtoto aliye huko, mwambieni asichukue amri ya kisanduku cha jirani. Asome kitabu cha kisanduku chake mwenyewe. Kama amekipoteza, vitabu hivyo hupatikana kwenye intaneti kwa jina la kisanduku na aina yake. Visanduku vingi vina pia ukurasa wa mipango unaofunguliwa kwa kompyuta. Katika hivyo vya Grandstream, ukiinua mkono wa simu na kubonyeza nyota mara tatu, kisha 02, sauti hukusomea anwani ya kuandika. Akiisha kuingia, abadilishe na neno la siri lililotoka kiwandani, maana pengine wezi nao wanalijua. Kisha ajaribu kwanza kupigia simu yake ya mkononi, aone kama namba imefichwa au imeonekana, kwa sababu pengine kisanduku huagiza hivi na kampuni ikafanya vingine. Jaribio hilo ni la dakika moja, nalo lingaliokoa miezi ya machozi.

Na sisi huku? Vijana wa hapa wanaijua sana #31#, inayotangulizwa mbele ya namba kwenye simu ya mkononi ili kuificha, na wengine huitumia kutishana usiku. Waache mchezo huo. Ndio uliowafundisha wazee kuogopa kila simu iliyofichwa.

Lakini lipo jambo baya kupita kuficha, nalo ni kuvaa namba ya mwingine. Marekani ilitunga sheria juu yake mwaka 2010: kutuma namba ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudhuru ni kosa. Hata hivyo wadanganyifu hawakukoma. Basi namba kuonekana kwenye kioo si ushahidi kwamba ni mwanao, kama vile kufichwa si ushahidi kwamba ni mwizi. Mimi nilimshauri mama yule hivi: simu ya saa ile waliyoagana aipokee, hata ikiwa haina namba, asikilize sauti, aulize habari za nyumbani ambazo mgeni hawezi kuzijua. Likitajwa neno la pesa, akate, kisha kijana wake ampigie binti kwa namba iliyoandikwa ukutani. Mtoto wa kweli hatakasirika.

Binti alibonyeza *68, na Jumamosi iliyofuata namba ikaonekana. Mama nusura asiipokee, kwa kuwa ilianza na 1 naye hakuizoea. Bahati njema nilikuwa nimeiandika jina katika simu yake, na mjukuu akamsomea. Shauri la shamba bado halijaisha. Nasikia juzi walibishana nusu saa nzima, mpaka salio la binti likakatika, akapiga tena.