Mashini na Kazi: Prosesa ya bei ndogo, tuikaze mwendo?



Ulizo moja linarudi sana kutoka kwa vijana. Linasemwa hivi: niko na dola 200 kwa ajili ya prosesa na kadi mama, nataka kutengeneza video za kwaya na za arusi. Wenzangu wananiambia ninunue prosesa ya bei ndogo kabisa, halafu niikaze mwendo mpaka iwe sawa na ya bei kubwa. Je, ni kweli?

Kwa baba na mama wasiojua mambo hayo: prosesa ni kile kipande kidogo, kipana kama kiberiti, kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta. Mwendo wake unapimwa kwa gigahezi. Gigahezi 3 maana yake mapigo bilioni tatu katika sekunde moja. Kukaza mwendo ni kuilazimisha ipige mbio kupita namna kiwanda kilivyoandika juu yake.

Jibu langu: ni kweli, lakini zamani ilikuwa kweli zaidi.

Habari ilianza kupata sifa kubwa mwaka 1998. Kampuni ya Intel ilitoa prosesa ndogo inayoitwa Celeron 300A, kwa bei ya dola 149. Mwendo wake ulikuwa megahezi 300, yaani megahezi 66 za kadi mama mara 4 na nusu. Ile 4 na nusu ilikuwa imefungwa, hakuna mtu wa kuigusa. Lakini 66 haikufungwa. Vijana wa Ulaya na Marekani wakaigeuza kuwa 100, na prosesa ikaenda megahezi 450, nusu nzima ya ziada, bila kulipa kitu tena. Iliweza sababu kiwanda kilikuwa kinauzisha kwa jina la chini kitu chenye nguvu ya juu. Soko lilitaka prosesa za bei ndogo, basi wakaandika namba ndogo.

Tangu siku zile viwanda vimejifunza. Siku hizi prosesa yenyewe inajikaza. Ikiona haina joto na kazi ni nyingi, inapanda bila kuambiwa. Twaa mfano wa Ryzen 3 3200G ya AMD, iliyotoka mwaka 2019 kwa dola 99. Imeandikwa gigahezi 3.6, lakini peke yake inafika mpaka 4. Wanaoikaza kwa mkono wanafikisha 4.1 au 4.2. Umepata nini? Asilimia 5, pengine 10. Video iliyokuwa inamaliza kwa dakika 60 sasa itamaliza kwa 57, au 55. Kama mteja anangoja mlangoni ni kitu, lakini si kile ulichoahidiwa na wenzako.

Na zile dakika tano zinalipwa kwa umeme. Hapa ndipo sisi wa Vulamba tunaachana na vijana wa Ulaya wanaoonyesha mashini zao. Hesabu iko hivi: umeme unaoliwa na prosesa unafuata mwendo mara moja, lakini unafuata volti mara mbili. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 10, na ili isimame imara ukaongeza volti kwa asilimia 10 pia, ulaji unapanda kwa asilimia 33 hivi. Iliyokula wati 65 itakula karibu 86. Mwenye kutumia grupu anajua wati hizo zinatoka wapi: zinatoka kwenye bido la esanse. Tena grupu ndogo mwendo wake haukai sawa, volti zinapanda na kushuka, na prosesa iliyokazwa hadi mwisho haina nafasi ya kuvumilia. Ile ya mwendo wa kawaida ingepita bila wewe kujua. Iliyokazwa inazima katikati ya kazi, na arusi ya watu inabaki nusu.

Munakumbuka mwaka 2020 Parc ya Virunga ilipoanza kuweka makontena ya mashini za bitcoin kule Luviro, katika teritware ya Lubero. Hawakuzipeleka mjini. Walizipeleka kando ya mtambo wa maji, mahali umeme ulipokuwa mwingi na wanunuzi bado wachache. Hao walihesabu umeme kwanza, ndipo wakahesabu mwendo.

Sasa tuje kwenye kununua, maana ndipo vijana wanapoteza pesa. Si kila prosesa inakubali kukazwa. Kwa Intel, tafuta herufi K mwishoni mwa namba, na kadi mama ya jamii ya Z. Ukikosa moja kati ya hizo mbili, kazi imekwisha. Kwa AMD, karibu Ryzen zote ziko wazi, lakini kadi mama iwe ya jamii ya B au X, kama B450. Zile za A, kama A320 na A520, zinakataa. Muuzaji wa magazini mara nyingi haangalii herufi hiyo. Angalia wewe, imechapwa juu ya kadi yenyewe.

Na zile kompyuta za ofisi za okaziyo, Dell OptiPlex na ndugu zake, zinazopita Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi mpaka kwetu? Ni mashini nzuri, zinavumilia. Mimi nazipenda kwa sekretaria na kwa shule. Lakini hazikazwi. Kadi mama yake imefungwa kiwandani, na mara nyingi hata sanduku lake la umeme lina plagi za namna yake. Mtu akikuambia atakukazia OptiPlex umulipe dola 20, funga mfuko.

Tena angalia picha. Prosesa nyingi zinazosifiwa kwa kukazwa hazina sehemu ya kutoa picha ndani yake. Ryzen 3 3100 ya mwaka 2020 ni ya namna hiyo, na Ryzen 5 5600 pia. Ukifunga hizo bila kadi ya picha, ekrani inabaki nyeusi, na kadi ya picha itamaliza zile dola zako zote. Herufi G ndiyo inakuambia picha iko ndani: 3200G, 3400G, 5600G. Na ile Athlon 3000G ya dola 49, iliyotoka mwaka huo huo wa 2019? Iko wazi, ina picha, na inakazwa bila shida. Ila ina viini viwili tu. Kwa kuandika barua na kuhesabu ni sawa. Kwa video utalala mezani ukingoja. Pentium G3258 ya 2014 nayo ilisifiwa sana wakati wake, dola 72, inapaa kama ndege, lakini viini ni viwili vilevile na programu za leo zimeipita. Usiinunue sasa hata mtu akikuapia.

Juu ya Ryzen 5 1600 ya mwaka 2017: ina viini sita, na okaziyo yake inapatikana. Lakini Windows 11 haiko nayo kwenye orodha yake, na Microsoft iliacha kutunza Windows 10 mwezi wa kumi 2025. Tena haina picha.

Basi kwa kijana wa dola 200 mimi ningechukua 3200G au 3400G, na B450. Kila prosesa ninaihesabu kwanza kwa viini na kwa umeme inaoula. Kukazwa ninakuweka mwisho. Ikibaki pesa, nunua vipande viwili vya memori vya gigabaiti 8 kuliko kimoja cha 16. Prosesa za G zinachota picha kutoka memori ile ile, na njia mbili zinapitisha kupita moja. Hapo utaona tofauti kubwa kuliko ya kukaza.

Kuna jambo lingine ambalo wachache wanalisema. Prosesa iliyo wazi kwa kupanda iko wazi kwa kushuka vilevile. Ukiacha mwendo palepale na kupunguza volti kwa asilimia 10, ulaji unashuka karibu moja ya tano. Si kila prosesa itakubali kushuka hadi hapo, lakini nyingi zinakubali kiasi, maana kiwanda kinaweka volti za ziada ili hata iliyo dhaifu isimame. Kwa ninyi wa kariere munaowasha grupu saa tatu usiku mmoja, hiyo ndiyo faida ya kutafuta prosesa iliyo wazi. Joto linapungua, feni inanyamaza, esanse inabaki.

Kuhusu joto: Butembo tuna baridi, na watu wanafikiri baridi inatosha. Lakini tuko juu sana, zaidi ya meta 1,700, na hewa yetu ni nyepesi kupita ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Feni ile ile inabeba joto kidogo kuliko kule pwani. Beni iko chini kidogo, hewa ni nzito zaidi lakini ni ya moto. Na kwenye kariere adui ni vumbi. Fungua kifuniko kila mwezi, pangusa kwa burashi laini, na shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza.

Ukiisha kuamua kukaza, ongeza megahezi 50 kwa mara moja, sivyo 400. Kila hatua, tengeneza video moja ndefu na uangalie joto. Ikipita digrii 85, rudi nyuma. Volti usipite 1.3. Fanya hayo siku ambayo huna kazi ya mtu mkononi. Ekrani ikibaki nyeusi usiogope wala usikimbilie fundi: chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya mviringo iliyo kwenye kadi mama, ngoja dakika tano, irudishe. Kadi itasahau namba zako zote na itaamka na zile za kiwanda.