Punguza Spika Kidogo, Sherehe Haitakufa

Wasee, leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilipoacha chuo, kazi ya kwanza kunipa doh ilikuwa uemsii. Jumamosi moja nilishika maiki kwenye besidei ya mtoto wa miaka saba. Tenti, spika nne, taa za kuwaka na kuzima, baluni zinapasuka. Mwenye siku alikuwa chini ya meza ya keki, ameziba masikio. Mimi nikaona hapo ndipo pa kuchekesha watu. Nikamfuata na maiki: "Mbona mwenye besidei anaogopa wageni wake?" Watu wakacheka. Mtoto akapiga nduru, akaanza kugonga kichwa kwa meza.

Mamake akamfunika na leso, akaniambia polepole, "Ana usonji, kijana wangu. Nilikuwa nimeomba mpunguze." Nyuma yangu mtu akasema, "Huyo anahitaji kiboko tu."

Hiyo ya kiboko haijawahi nitoka akilini, kwa sababu dakika moja kabla hata mimi ningeisema.

Usonji si laana, hauambukizi, na hautokani na malezi mabaya. Ni vile ubongo umejengwa. Watu wengi walio nao hupokea sauti, mwanga, harufu au mguso kwa nguvu kuliko wewe na mimi. Wengine ni kinyume, wanautafuta huo msisimko. Tangu 2013 jambo hili liko hata kwenye DSM-5, mwongozo ambao madaktari hutumia kutambua usonji. Kwa hivyo mtoto akiziba masikio, haleti drama. Anaumia.

Sasa mpeleke darasani. Mabati juu, mvua inanyesha, watoto sitini wanasoma kwa sauti, kengele ni chuma kinagongwa nje ya dirisha. Mwisho wa muhula ripoti inasema "hasikizi". Kumbe shida yake ni kwamba anasikia kila kitu kwa wakati mmoja.

Najua utaniambia hakuna pesa. Sawa. Kumkalisha mbali na dirisha na kengele ni pesa ngapi? Kumwambia asubuhi kwamba leo kuna mazoezi ya ngoma, ili asishtukizwe? Kumruhusu atoke dakika tano apumue bila kuitwa mtoro? Yale mafuniko ya masikio ambayo watu wa mjengo huvaa yanauzwa hadi kwa duka za hadiwea.

Na wewe wa "sherehe bila kelele ni matanga", tulia. Hakuna mtu amesema muziki uzimwe. Si tunapenda mpira wa Uingereza? Sunderland walifungua chumba tulivu uwanjani mwao 2015, watoto wenye usonji wakaona mechi kupitia kioo. Arsenal wakafuata 2017. Mashabiki bado wanapiga kelele vile vile. Kilichoongezwa ni mahali pa kukimbilia.

Huku kwetu inaweza kuwa chumba kimoja cha nyuma, au tenti ndogo mbali na spika. Weka kwa bango kwamba kutakuwa na fataki na taa za kumetameta, mtu ajipange. Na emsii, usimvute mtu katikati kama hataki.

Hii pia si stori ya watoto pekee. Hao watoto hukua. Wako kwa lekcha na wewe, na wengine wananunua tiketi kisha wanatoka baada ya nyimbo mbili, na mbogi inawaita washamba. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kufikia mahali pote. Lakini mlango ukiwa wazi na ndani hakukaliki, hapo umemkaribisha aje?

Siku hizi kabla nichukue kazi nauliza mwenye shughuli swali moja: kuna mtu hapa ambaye kelele humuumiza? Wengi hujibu hapana. Wachache hunyamaza kwanza, halafu wanasema, "Asante kwa kuuliza."

Nawe ukiwa kwa kamati wiki hii, uliza.