Newstead Ni Kwetu Pia

Likizo ya kiangazi ikikaribia, simu za mababu na mabibi wa jumuiya yetu huanza kuita. Wazazi wana zamu kazini, shule zimefungwa, watoto wapelekwe wapi? Majibu tunayajua: madukani, kwenye bwawa la kuogelea lililofurika watu, au sebuleni, kila mtu na simu yake. Yale majumba makubwa ya mashambani, yenye bustani na maziwa, tunayaona tukiwa kwenye basi na kuyapita. "Mambo ya Wazungu hayo." Jarida hili linasema tunajinyima, na mfano wetu ni Newstead Abbey, kaskazini ya Nottingham, nilikokwenda Agosti na mjukuu wangu wa miaka tisa.

Tuanze na mwenye mali, maana hapo ndipo unyonge wetu unapoanzia. Palikuwa pa watawa tangu karne ya 12, pakawa pa ukoo wa Byron, na Byron yule mshairi akapauza kwa Thomas Wildman, ambaye utajiri wa familia yake ulitoka Jamaica, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Hilo mtoto aambiwe bila kuzungushwa. Lakini tangu 1931 ni mali ya Jiji la Nottingham. Ninyi mnaoishi mjini na kulipa kodi ya halmashauri mnachangia kukatwa kwa zile nyasi, kwa hiyo hakuna sababu ya kupita pale kwa kunyata.

Basi la Mansfield hushusha getini, penye mwaloni mkongwe. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu chini ya miti hadi kwenye nyumba, na wenye magoti kama yangu waombe gari. Mume wangu (ndivyo ninavyomwita, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, naye huona haya rafiki zake wakisikia) alikimbia mbele, akarudi, akakimbia tena. Ukuta wa mbele wa kanisa la watawa bado umesimama, na dirisha lake kubwa halina kioo wala kitu nyuma yake isipokuwa mbingu. Mbwa wa Byron, aliyekufa 1808, ana mnara wake bustanini. Mtoto aliuzunguka akitafuta jina, akataka kujua kama paka nao huzikwa hivyo.

Na tausi wa pale hawana adabu hata kidogo. Tulikuwa tumetandika kanga kwenye nyasi, hotipoti iko wazi. Dume mmoja alikuja akiburuta mkia, akakanyaga pindo la kanga, akainamisha shingo ile ya buluu na kuchungulia. Kabla sijamfukuza alikwisha nyofoa kitumbua. Akakidondosha, akakidonoa mpaka kikapasuka, akala cha ndani, akaliacha ganda. "Bibi," mjukuu akasema, "hataki palipoungua."

Lakini sikumpeleka kwa ajili ya tausi. Mwaka 1861 nyumba ile ilinunuliwa na William Webb, rafiki wa David Livingstone, na Livingstone alikaa hapo miezi kadhaa, 1864 hadi 1865, akiandika kitabu cha safari zake za Zambezi. Hilo wenyeji watakwambia wenyewe. Msichopaswa kungoja kuambiwa ni habari ya 1874, walipofika hapo wageni wawili, Abdullah Susi na James Chuma, watu wa msafara wa Livingstone. Susi ni mtu wa Shupanga, kwenye mto Zambezi. Chuma ni Myao, aliyeokolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa akiwa mtoto, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Picha yao iliyopigwa Newstead ipo, wakiwa na Agnes na Thomas, watoto wa Livingstone, na kasisi Horace Waller. Nilikuwa nayo kwenye simu.

Tulikaa kando ya ziwa nikamsimulia. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake, akiwemo Halima mpishi, wangeweza kumzika na kutawanyika. Wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa kitambaa na gome, wakaubeba kuelekea pwani. Waingereza waliokutana nao karibu na Tabora waliwashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Huko mbele wakasikia kwamba wenyeji hawataruhusu maiti ipite. Basi wakatengeneza maiti ya uongo kwa mabua ya mtama, wakaifunga sanda, wakawatuma wenzao wairudishe njia ya Tabora mbele ya macho ya watu. Walipoingia porini waliyatupa mabua yale, wakarudi kimyakimya. Mwili wenyewe ulikuwa umekwisha fungwa kama mtumba wa nguo, ukapita na mizigo mingine hadi Bagamoyo, Februari 1874.

Mtoto ambaye nyumbani hunijibu kwa Kiingereza alinidai kwa Kiswahili nirudie sehemu ya mabua. Kisha akauliza kama walilipwa. Walilipwa ujira wao Zanzibar, kazi ikaisha. Mazishi yalifanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili, na kati ya wabebaji wa jeneza alikuwamo Jacob Wainwright, mwenzao aliyelisindikiza melini. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kwa nauli ya James Young, rafiki wa marehemu, watu wakiwa wameshatoka makaburini. Ndipo wakakaa na Waller kumfafanulia shajara na njia za msafara, kazi iliyozaa kitabu chenye jina la Livingstone. "Kwa nini wao hawakuitwa waandishi wake?" Swali hilo nawaachia wazazi wake.

Pendekezo letu kwa mkutano mkuu ni hili: matembezi ya mwaka ujao yasiwe tena nyama choma kwenye bustani ileile iliyo karibu na maegesho. Yawe Newstead, na wazee ndio wawe wasimulizi. Wenzetu wa Kongo wana fungu lao, kwa kuwa Susi baadaye alifanya kazi na mpelelezi Stanley kwenye mto wao. Wazanzibari nao wana lao, maana Chuma alifia Unguja mwaka 1882, na Susi akamfuata 1891. Wenye magari wajitolee kubeba wazee kutoka getini. Majina ya watoto na umri wao yamfikie katibu kabla ya mkutano, ili ijulikane tukodi basi la ukubwa gani.